Warsha za wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi: zinafundisha nini hasa na kwanini nyingi haziachi kitu

Ukitaja warsha ya chama cha wafanyakazi, wengi wanachoona kichwani ni ukumbi, bango ukutani, mgeni rasmi, halafu mtu anasoma vifungu vya sheria ya kazi kwenye projekta mpaka jioni, mwisho vyeti na picha ya pamoja. Watu wanarudi kazini wiki inayofuata na hakuna kilichobadilika, msimamizi ni yuleyule anayekata hela za ovataimu, na yule aliyehudhuria akiulizwa na wenzake "mmejifunza nini huko" anabaki anatafuta maneno. Hapo ndo watu wanaanza kusema semina za chama hazina maana. Mi naona shida sio warsha yenyewe, shida ni kwamba tunachanganya mafunzo ya aina tatu kwenye chungu kimoja afu tunashangaa mbona hayaivi.

Aina ya kwanza ni elimu ya haki, yaani mkataba unasemaje, likizo ni siku ngapi, kufukuzwa kazi kuna taratibu gani, chama kinasajiliwaje. Ya pili ni mafunzo ya uwakilishi, hii ni kwa wale waliochaguliwa kusimama na mwenzao akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, wanaoandika malalamiko na kukaa mezani kujadiliana na menejimenti. Ya tatu ni mafunzo ya kuandaa watu: mfanyakazi wa kawaida kabisa, asiye na cheo chochote kwenye chama, anawezaje kuwakusanya wenzake wa idara yake mpaka wakubaliane jambo na kulifanya pamoja. Zote tatu zinahitajika, sibezi hata moja, ila zinafundishwa tofauti. Ya kwanza ni taarifa, mtu anaweza kuisoma kwenye kijitabu akaielewa. Ya tatu ni ufundi, na ufundi hausomwi kwenye slaidi, unafanyiwa mazoezi mpaka ulimi uzoee. Vyama vingi bajeti yote ya mafunzo inaishia kwenye aina ya kwanza, kidogo ya pili, na ya tatu inaachwa ijiotee yenyewe, wakati hiyo ndo inayoamua kama zile haki za kwenye kijitabu zitatoka kwenye karatasi au hazitatoka.

Kujua haki bila kuwa na watu nyuma yako ni hatari, na hili lisemwe waziwazi kwa kila mshiriki. Mfanyakazi mmoja aliyejua kifungu cha sheria anaenda peke yake kwa meneja kukinukuu, anaonekana mkorofi, anaanza kuandamwa, na wenzake wanajifunza somo baya kuliko lile la semina, kwamba ukijifanya unajua sheria unaumia. Kumbe angeenda na wenzake ishirini wa idara moja kifungu kilekile kingesikika tofauti kabisa.

Tuanze na nani anaitwa, maana hapa ndo warsha nyingi zinaharibika kabla hata hazijaanza. Kawaida wanaitwa wanaopatikana, au wanaoongea sana kwenye mikutano, au wale wa karibu na katibu wa tawi. Waandaaji wenye uzoefu, yaani wale wanaofanya kazi ya kuwakusanya wafanyakazi, wanatofautisha mwanaharakati na kiongozi wa asili. Mwanaharakati ni yule anayekipenda chama, yuko tayari muda wote, anavaa fulana, anajibu kila meseji kwenye grupu. Kiongozi wa asili anaweza asiwe hata mwanachama, lakini ni yule ambaye mashine ikigoma watu wanamwita yeye kabla ya fundi, bosi akitangaza jambo jipya watu wanamtazama usoni kwanza waone anasemaje. Jane McAlevey, mwandaaji na mwandishi wa Marekani aliyefariki 2024, alilisisitiza hili kuliko kitu kingine chochote, na kuanzia 2019 aliendesha mafunzo ya mtandaoni pamoja na taasisi ya Rosa Luxemburg ya Ujerumani yaliyofikia maelfu ya watu wa nchi nyingi duniani. Watu walihimizwa kuja kama kikundi cha sehemu moja, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kurudi kazini peke yake na daftari limejaa notisi: mtu mmoja aliyefundishwa anazimika ndani ya mwezi, lakini watu watano wa sehemu moja wanakumbushana.

Kwahiyo swali la kwanza la mwandaaji wa warsha sio ukumbi uko wapi, ni idara zipi hazina mtu humu. Kama kiwanda kina shifti tatu na washiriki wote ni wa asubuhi, hiyo ni warsha ya theluthi moja ya kiwanda. Kama wanawake ndo wengi kazini na chumbani wamejaa wanaume, hapo kuna kitu kimekosewa, pengine muda uliowekwa ni ule ambao mama mwenye watoto hawezi kutoka, na dawa yake ni kubadilisha muda au kutafuta mtu wa kukaa na watoto, sio kulalamika kwamba akinamama hawajitokezi.

Sasa ndani ya chumba kunafanyika nini? Kiini cha yote ni mazungumzo ya mtu na mtu. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Watu wengi wakipewa dakika kumi kumshawishi mwenzao ajiunge na chama wanatumia dakika tisa kuhubiri: chama ni muhimu, umoja ni nguvu, ada ni kidogo tu. Mwenzake anaitikia kwa kichwa, anasema nitafikiria, basi imeishia hapo. Kanuni inayofundishwa karibu kila mahali ni asilimia 70 usikilize na 30 uongee, na hizo 30 nyingi ziwe maswali. "Dada, tangu wabadilishe ratiba ya shifti umekuwa unalalaje?" Halafu unanyamaza. Unamwacha aseme. Akisema anachoka unauliza kinachomchosha hasa ni nini, na kinamgharimu nini nyumbani, na anadhani kwanini menejimenti imeamua hivyo, na nani mwenye uwezo wa kuibadilisha hiyo ratiba. Hapo taratibu mtu anatoka kwenye "ndo maisha" anaingia kwenye "kuna mtu aliamua hivi, na anaweza kuamua vingine".

Baada ya hapo ndo inakuja sehemu ambayo washiriki wengi wanaikimbia, yaani kuomba kitu mahususi. Sio "tuwe pamoja", ni "je utasaini barua hii, na utakuja na Ijumaa baada ya shifti tukiipeleka, tukiwa idara nzima?" Kisha kimya tena. Kile kimya kinawatesa watu sana kwenye mazoezi, wanajikuta wanakijaza wenyewe, "ila kama huwezi sio lazima", yaani wamemjibia mwenzao kabla hajafikiri. Mwezeshaji mzuri anawasimamisha pale pale, anawaambia rudia, safari hii uliza halafu hesabu kumi kimoyomoyo. Ndiyo au hapana, zote zina faida, kwasababu sasa unajua unasimama wapi na mwenzako, na ukipata hapana unauliza anaogopa nini.

Zoezi hili linafanywa kwa watu watatu watatu: mmoja mwandaaji, mmoja mfanyakazi mwenye wasiwasi, wa tatu anaangalia na kuandika, baadaye wanabadilishana. Kuna washiriki wanaona kuigiza ni utoto, hasa viongozi wakongwe, na ni kweli mara ya kwanza inatia aibu. Lakini aibu ya chumbani mbele ya wenzako wanaokupenda ni nafuu mno kuliko kuropoka mbele ya mtu ambaye ungempata kama ungeuliza vizuri. Binafsi warsha isiyo na mazoezi ya namna hii naihesabu kama mkutano tu, hata ikichukua siku tatu.

Kingine ni kuchora ramani ya mahali pa kazi. Washiriki wanapewa karatasi kubwa wanachora jengo, mashine, milango, ofisi ya msimamizi, wapi watu wanapumzika, nani anakaa na nani, nani ni ndugu wa nani, nani wanatoka kanisa au msikiti mmoja, basi la kampuni linabeba kina nani. Halafu orodha ya majina yote, kila jina lina namba kuanzia 1 hadi 5: 1 ni anayeongoza wengine kwenye madai, 2 anaunga mkono, 3 hajaamua au hajulikani, 4 hataki, 5 anapinga waziwazi na anawashawishi wengine wapinge. Namba inatolewa kwa alichofanya mtu, sio kwa alichosema au kwa tabasamu lake, kwahiyo ambaye hajawahi kuombwa kitu chochote anabaki 3. Huwa ni muda mgumu wa warsha, kwasababu tawi lililojiona lina watu mia mbili linagundua wanaojulikana kwa matendo ni thelathini, na kuna jengo zima ambalo hakuna mtu chumbani anayemjua hata mfanyakazi mmoja. Bora wagundue hapo, sio asubuhi ya mgomo.

Kwa wafanyakazi wasio na jengo moja, mfano wafanyakazi wa majumbani au madereva wanaofanya kazi kupitia apu, ramani inabadilika, unachora mahali wanapokutana: kituo cha basi asubuhi, sehemu madereva wanaposubiri oda, grupu za simu. Wafanyakazi wa majumbani walipata mkataba wao wa kimataifa wa ILO (Shirika la Kazi Duniani), namba 189, mwaka 2011, na harakati za kuufikia zilijengwa na vikundi vya watu ambao hawakuwa na kantini ya kukutania wala ubao wa matangazo.

Kuna ramani nyingine naipenda sana nayo ni ya mwili. Mnachora umbo la binadamu mbele na nyuma, kila mshiriki anaweka alama panapomuuma. Mtu alikuwa anadhani mgongo wake ni tatizo lake na umri wake, sasa anaona alama kumi na mbili zimerundikana pale pale kiunoni na zote ni za watu wa sehemu ya kupakia mizigo. Mbinu za kuchora hatari za kazini zina asili yake Italia, kwenye viwanda vya magari vya Turin miaka ya 1960, ambako wafanyakazi pamoja na wataalamu kama Ivar Oddone walishikilia kwamba ujuzi wa anayefanya kazi ile kila siku ni ushahidi kama ulivyo ujuzi wa daktari, na kwamba afya yao wasimwachie mtu mwingine awaamulie. Toka huko ikasambaa hadi Amerika ya Kusini na kwingineko. Haihitaji projekta wala mtaalamu aliyesafiri kutoka mbali.

Jambo la tatu linaitwa chanjo, maana yake mnawaambia watu mapema bosi atafanya nini kabla hajafanya. Kwenye warsha mmoja anaigiza meneja, na washiriki ndo wanaomwandikia maneno kwasababu wanayajua yote: sisi hapa ni familia, hao wa chama wanataka ada zenu tu, tukiendelea hivi tutafunga tutahamia kwingine, fulani ni mchochezi. Halafu zile njia za pembeni, kumpandisha cheo mmoja, kumhamisha mwingine shifti ya usiku, kuitisha kikao cha ghafla na ahadi tamu. Mkishayasema wenyewe siku meneja akiyatamka watu wanatazamana, wanajua tulishaambiwa. Wapo wanaodhani ukiwatajia watu hatari utawatisha. Uzoefu wa waandaaji unaonyesha kinyume, kinachovunja watu ni kushtukizwa na kuhisi walidanganywa na wenzao.

Halafu kuchagua dai, hapa nitapita haraka kidogo. Dai zuri la kuanzia linawagusa wengi, linawauma kwelikweli, na linaweza kupatikana kwa nguvu mliyonayo sasa, sio nguvu mnayoiota. Mara nyingi sio mshahara. Ni feni zilizokufa, choo kinachofungwa, ratiba inayotolewa usiku wa kuamkia shifti. Na kila hatua inakuwa kipimo: barua ya pamoja imesainiwa na asilimia ngapi, kwa siku ngapi, idara ipi imebaki nyuma na kwanini. Kama hamkuweza kupata saini za wengi kwenye barua, kura ya mgomo msiitishe kwanza.

Haya mambo hayajaanza jana. Mwaka 1932 huko Tennessee, kusini mwa Marekani, Myles Horton na Don West walianzisha shule ya Highlander, na miaka ya 1930 na 1940 ikawa sehemu ya kufundishia viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya ukanda ule. Mtindo wao ulikuwa watu kukaa kwa duara, kila mmoja analeta tatizo la kwao, na majibu yanatafutwa kwa uzoefu wa waliokaa pale, mwalimu kazi yake ni kuuliza. Weusi na weupe walikaa chumba kimoja, kwenye eneo ambalo sheria za ubaguzi zilikataa. Rosa Parks, mwanamke mweusi anayekumbukwa kwenye harakati za haki za weusi Marekani, alihudhuria warsha hapo kiangazi cha 1955, miezi michache kabla hajakataa kumwachia mzungu kiti cha basi huko Montgomery, na hakuwa mama aliyechoka tu kama hadithi inavyosimuliwa, alikuwa mwanaharakati wa miaka mingi. Mamlaka za jimbo ziliifungia shule ile 1961, wenyewe wakaanza upya kwa jina jingine.

Afrika Kusini nayo ina funzo kubwa. Baada ya migomo ya Durban ya 1973, vyama vipya vya wafanyakazi weusi vilijengwa karibu kutoka sifuri, kukawa na masomo kwa wafanyakazi hata kwa njia ya posta, na shirikisho la FOSATU lililoundwa 1979 likaweka uzito wake kwa wawakilishi waliochaguliwa pale pale kiwandani, wale mashopstiwadi. Walichofundishwa ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: unaenda mezani na kile ulichotumwa na wenzako, ukitoka unarudi kuwaeleza kabla ya kukubali chochote. Huo utamaduni ndo ulioingia COSATU, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, ilipozaliwa 1985. Ukiuliza mwakilishi anayeishi na bosi vizuri kuliko anavyoishi na wenzake ametokea wapi, mara nyingi utakuta hakuwahi kufundishwa kurudi.

Na kuna Labor Notes, jarida na mtandao wa wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Marekani ulioanza Detroit mwaka 1979, wao wanaendesha mafunzo ya siku moja kwa wanachama wa kawaida wa vyama tofauti, nesi anakaa na dereva wa lori na mwalimu. Faida yake ni kwamba mtu anagundua mbinu za bosi wake ni zilezile za mabosi wa sekta nyingine.

Suala la muda na usalama halikwepeki. ILO ina mkataba namba 140 wa mwaka 1974 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, na elimu ya vyama vya wafanyakazi imetajwa humo waziwazi. Mkataba namba 135 wa 1971 unawalinda wawakilishi wa wafanyakazi wasiadhibiwe kwa kazi ya uwakilishi, na pendekezo namba 143 la mwaka huohuo linasema wapewe ruhusa ya kwenda kwenye mikutano, kozi na semina za chama. Namba 98 wa 1949 unakataza ubaguzi dhidi ya mtu kwa sababu ya chama. Ila mikataba inaibana nchi iliyoiridhia, na hata iliyoridhia inategemea sheria za ndani na nguvu ya wafanyakazi wenyewe, kwahiyo angalia kwanza nchi yako iko wapi, na njia ya uhakika zaidi ni kuingiza siku za mafunzo kwenye mkataba wa pamoja na mwajiri wako. Pale ambapo chama bado ni kichanga na watu wanaweza kufukuzwa, msifanyie warsha kwenye jengo la mwajiri, orodha ya namba 1 hadi 5 isipigwe picha wala kutumwa kwenye grupu, ikae na watu wawili wanaoaminika, na picha za washiriki zisipostiwe hata kama zimetoka vizuri.

Kuhusu hela nitasema ukweli wangu. Warsha inayolipiwa yote na mfadhili wa nje inaweza kuwa nzuri, ila ajenda huwa inakuja na hela, na watu wanazoea kuja kwa ajili ya posho. Kurudisha nauli ni haki, kufidia ujira wa siku uliopotea pia ni haki, maana bila hivyo maskini hawezi kuja. Lakini mafunzo yanayotegemea hoteli yanakufa mradi ukiisha, na yanayofanyika kwenye ofisi ya tawi au sebuleni kwa mtu yanaweza kurudiwa kila mwezi. Pia wapo viongozi wa juu wasiopenda mafunzo ya aina ya tatu, kwasababu mwanachama aliyejifunza kuandaa wenzake ataanza kuuliza maswali hata ndani ya chama. Atauliza, na ni sawa aulize.

Kinachotofautisha warsha inayoacha kitu na isiyoacha ni wiki mbili baada yake. Kama hakuna aliyepangwa kumpigia kila mshiriki na kumuuliza umeongea na nani, ilikuwaje, ulikwama wapi, basi hata mwezeshaji awe bora namna gani jasho lote linapotea. Mi ningechukua nusu ya bajeti ya ukumbi nikaiweka kwenye nauli na vocha za kufuatilia.

Tawi lisilo na bajeti linaweza kuanza na watu sita na saa mbili. Dakika ishirini za mwanzo, kwa wote pamoja, kila mmoja aseme kinachomuuma kazini kwake, nusu saa mchore ramani ya idara moja tu, saa moja mazungumzo ya watatu watatu mkibadilishana nafasi, na dakika kumi za mwisho kila mtu ataje jina la mwenzake mmoja atakayeongea naye na siku atakayoongea naye, iandikwe. Kikao kinachofuata kinaanza na hilo karatasi, kabla ya taarifa yoyote ya katibu, na aliyekwama hafokewi, anakalishwa kwenye kiti anamwigiza yule aliyemkatalia, mwingine anajaribu kuongea naye, na wote mnaona pale alipokwama palikuwa wapi.